MASHINE DARASANI: MWALIMU AWE BWANA WAKE



Siku hizi neno "dijitali" liko katika kila kinywa. Wanasiasa wamelitumia kuombea kura, makampuni yamelitumia kuuzia vyombo, na shule za kulipa zimeliandika langoni kwa rangi nyekundu ili wazazi wapeleke watoto. Lakini ukimwuliza mtu, "Kumfundisha mtoto vizuri kwa mashine ni kufanya nini hasa?" atakutajia idadi ya mashine. Hilo si jibu. Idadi ya majembe haimwambii mtu kama shamba limelimwa.

Sisi twaona jambo hili ni jambo la chama kwa sababu tatu. Kwanza, walimu ni wafanyakazi kama sisi, na mashine hii imeingia katika kazi yao. Pili, imenunuliwa kwa kodi ya jasho letu. Tatu, watoto ni wetu. Tajiri aweza kumpeleka mtoto wake katika shule yenye watoto 20 darasani. Lakini mtoto wa mchuma majani chai, wa kuli wa bandarini, wa mpishi wa hoteli au wa askari wa usiku hana shule ila ile ya Serikali iliyo karibu. Shule hiyo ikifundisha vibaya, hana pengine pa kukimbilia.

TULIAHIDIWA NINI, TUKAPATA NINI

Katika uchaguzi wa mwaka wa 2013 tuliahidiwa kwamba kila mtoto atakayeingia darasa la kwanza atapewa kompyuta ya mkononi. Zabuni ya kwanza ikavunjwa mwaka wa 2014 baada ya malalamiko. Mwaka wa 2016 kazi ikaanza upya, na badala ya kompyuta kubwa vikaletwa vishikwambi, ambavyo wengine huviita tableti. Katika miaka iliyofuata vyombo zaidi ya milioni moja viligawanywa katika shule za msingi za Serikali zaidi ya 20,000. Kila shule ilipata vishikwambi vya watoto, kompyuta za walimu, projekta na chombo cha kuhifadhia masomo. Shule nyingi zilivutiwa stima kwa ajili ya mpango huo.

Hatutaki kuwa watu wa kulaumu tu. Stima iliyofika katika shule ya kijijini ni jambo jema, na itabaki hata vishikwambi vikizeeka. Lakini walimu walio katika chama wanatuambia yaliyofuata. Vyombo vilihesabiwa kwa watoto wa darasa moja, na shule wakati huo ilikuwa na madarasa manane. Vilipofika, vilifungiwa katika stoo yenye vyuma, kwa sababu mwalimu mkuu aliambiwa vikiibiwa atajibu yeye. Mwalimu wa kawaida alipata mafunzo ya siku chache, au alisimuliwa na mwenzake aliyekwenda. Betri zilipokufa hakukuwa na fundi wala fungu la fedha la kumlipa. Wazee walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Kishikwambi kilicho stoo hakimfundishi mtoto.

Wala si kwetu peke yetu. Nchi ya Peru iligawa kompyuta ndogo kwa watoto wa shule za mashambani. Wataalamu wakazichunguza shule 319, na mwaka wa 2012 wakatoa habari kwamba watoto waliopewa kompyuta hawakuwapita wenzao katika hesabu wala katika kusoma. Kompyuta zilifika, lakini mafundisho yalibaki vile vile.

Hapa Kenya nako kulifanywa uchunguzi katika Kaunti ya Kisumu, ukachapishwa mwaka wa 2016. Katika shule nyingine mshauri wa walimu ndiye aliyepewa kishikwambi, katika nyingine alipewa mwalimu, na katika nyingine watoto wenyewe walipewa mashine za kusomea. Wote walipata vitabu, mafunzo na kutembelewa. Watoto wa makundi yote walisoma vizuri kuliko wale ambao hawakupata mpango wowote. Lakini wale waliopewa mashine mkononi hawakuwashinda wale ambao mashine ilikuwa kwa mwalimu au kwa mshauri. Tena, ukihesabu gharama, mpango wa namna hiyo hiyo usio na mashine ulileta faida zaidi kwa kila shilingi.

Kwa hiyo mpango wa Tusome, ulioenea nchi nzima kuanzia mwaka wa 2015, ulifanywa kwa busara zaidi. Mtoto alipewa kitabu chake, mwalimu akapewa kitabu cha kumwongoza, na kishikwambi akapewa afisa anayetembelea shule. Afisa huyo aliketi nyuma ya darasa, akatazama somo, akawasikiliza watoto wachache wakisoma, kisha akazungumza na mwalimu juu ya aliyoyaona. Mashine ilimsaidia mtu kumsaidia mtu mwingine. Huo ndio mwanzo wa kufahamu jambo hili.

KUFUNDISHA VIZURI NI KUFANYA NINI

Sasa tuseme wazi yale tunayoyaona sisi. Ni mambo matano.

Jambo la kwanza: somo litangulie, mashine ifuate. Mwalimu mzuri hujiuliza kwanza, "Leo nataka watoto wafahamu nini?" Kisha huuliza, "Chombo gani kitafaa?" Akiwa anafundisha jinsi moyo unavyosukuma damu, picha inayotembea itaonyesha milango ya moyo ikifunguka na kufungwa, na chaki haiwezi kuonyesha hivyo. Akimfundisha mtoto wa Kwale juu ya Ziwa Turkana, picha itamfikisha mahali ambapo baba yake hana nauli ya kumpeleka. Lakini akifundisha 7 na 5 ni ngapi, vifuniko vya soda vyatosha, tena vyafaa zaidi, kwa sababu mtoto huvishika na kuvisogeza. Na akifundisha mahindi huotaje, awatoe nje waende shambani. Mwalimu anayewasha projekta ili mkaguzi aone projekta inawaka hafundishi, anaonyesha sinema.

Jambo la pili: kujua mtoto amekwama wapi. Tuchukue hesabu moja. Mtoto aambiwa 52 toa 27, naye aandika 35. Mashine nyingi zitapiga kengele na kusema amekosa, kisha zimpe hesabu nyingine, naye atakosa tena. Mwalimu anayejua kazi yake hutazama ile 35 na kuona mtoto amefanya nini: ameona 2 ni ndogo kuliko 7, akageuza, akatoa 2 katika 7 akapata 5, kisha akatoa 2 katika 5 akapata 3. Mtoto huyu si mjinga. Amejitungia sheria, na sheria yake ni mbaya. Dawa yake si hesabu kumi nyingine za namna ile ile, bali ni kumrudisha kwenye makumi na mamoja.

Hapo mashine yaweza kusaidia sana ikitumiwa kwa akili. Mjini Delhi, India, kulijaribiwa programu ambayo humpima mtoto kwanza, kisha humpa maswali ya kiwango chake mwenyewe, hata kama yuko nyuma ya darasa lake kwa miaka kadhaa. Baada ya miezi minne na nusu watoto hao walikuwa wamewapita wenzao kwa mbali katika hesabu na katika Kihindi, na habari hizo zilichapishwa mwaka wa 2019. Lakini tusisahau kwamba katika vituo hivyo watoto hawakuachiwa mashine peke yake. Nusu ya wakati walikuwa na mashine, na nusu walikuwa na mwalimu msaidizi katika kikundi kidogo. Basi mwalimu wa hapa mwenye watoto 60, akipata mashine inayoweza kumwambia, "Hawa tisa hawajui kukopa kumi," amepata jicho la pili. Atawaita wale tisa meza moja, na wengine waendelee. Mashine imemwonyesha, na kufundisha amefundisha yeye.

Jambo la tatu: mikono ya mtoto ifanye kazi. Kutazama si kujifunza. Katika darasa la watoto 60 na vishikwambi 20, watoto watatu hukaa kwa kimoja. Ukiwaacha hivi hivi, mmoja hodari atakamata chombo, na wawili watakuwa watazamaji mpaka kengele ilie. Mwalimu mzuri huwapa kazi: mmoja aguse, mmoja asome kwa sauti, mmoja aandike katika daftari, na kila baada ya dakika chache wabadilishane. Tena hata simu moja ya mwalimu yaweza kufanya kazi kubwa. Mtoto asome habari fupi, simu imrekodi, ajisikie, kisha asome tena. Mtoto aliyejisikia akikwama katika neno hulitafuta neno hilo mwenyewe. Watoto wa darasa la juu waweza kwenda kwa wazee wa kijiji, wakarekodi habari za mto wao au soko lao, kisha wakaziandika vizuri kwa Kiswahili. Hapo mashine haikuwaletea tu maneno ya watu wa mbali, imewafundisha kutengeneza maneno yao.

Na kuna watoto ambao kwao mashine ndiyo mlango wenyewe. Mtoto asiyeona aweza kusoma kwa programu inayomtamkia maandishi. Mtoto asiyesikia aweza kufundishwa kwa picha za Lugha ya Ishara ya Kenya, lugha ambayo Katiba ya mwaka wa 2010 yaiamuru Serikali kuiendeleza. Kama vyombo havitoshi, hao wasiwe wa mwisho katika foleni.

Jambo la nne: mtoto afundishwe kuuliza. Katika intaneti ukweli na uwongo hukaa nyumba moja na kuvaa nguo sawa. Mtoto asipofundishwa kuuliza "Nani amesema? Amejuaje? Anauza nini?" tumemfungulia mlango wa duka bila kumfundisha bei. Na tangu mwisho wa mwaka wa 2022 imekuja akili unde inayoandika insha kwa dakika moja. Mwalimu anayetoa kazi ya nyumbani, akaweka alama ya sahihi na kurudisha, atakuwa akisahihisha kazi ya mashine. Mwalimu mzuri humwambia mtoto aanze kuandika darasani mbele yake, kisha amwulize kwa mdomo, "Neno hili kwa nini? Ulipata wapi habari hii?" Mtoto aliyefikiri atajibu. Aliyenakili atatazama chini.

Tena mtoto ana siri zake na heshima yake. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 yasema habari za mtoto zisitumiwe bila idhini ya mzazi. Mwaka wa 2023 shule moja ilitozwa faini ya zaidi ya shilingi milioni 4.5 kwa kueneza picha za watoto bila ruhusa. Basi mwalimu asitie picha za darasa lake mtandaoni ati kuonyesha kazi njema, wala shule isikubali programu ya bure bila kuuliza kampuni itafanya nini na majina na alama za watoto. Chombo cha bure kina bei yake, ila bei haikuandikwa juu.

Jambo la tano: kujua wakati wa kuizima. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Lakini kuna mambo ambayo hayajifunzwi kwa kioo: kubishana kwa adabu, kushindwa katika mchezo bila kugombana, kumsikiliza mwenzako mpaka amalize. Mwalimu asiyeweza kufundisha stima ikikatika hakuwa bwana wa chombo hicho, alikuwa mtumishi wake.

MWAKA WA 2020 ULITUFUNDISHA

Mwezi wa Machi 2020 shule zote zilifungwa kwa ajili ya Korona, na madarasa mengi hayakurudi mpaka Januari 2021. Masomo yakapelekwa kwa redio, kwa televisheni na kwa intaneti. Kazi hiyo ilikuwa njema, na waliofanya tunawashukuru. Lakini tazama hesabu. Sensa ya mwaka wa 2019 ilionyesha kwamba katika kila watu 100 wenye umri wa miaka 3 na zaidi, waliotumia intaneti walikuwa kama 23, na waliotumia kompyuta kama 10. Basi somo la intaneti lilikwenda kwa nani? Lilikwenda kwa yule aliyekuwa nalo tayari. Mtoto wa mwenye nyumba alisoma, na mtoto wa bawabu wake akangoja. Simu ya mama ilikuwa moja, watoto wanne, na bando la shilingi hamsini halikumaliza wiki.

Hatusemi hivyo ili kuitukana mashine. Twasema hivyo kwa sababu mashine ikiletwa mahali ambapo watu hawako sawa, na isiletwe kwa mpango, huongeza tofauti. Yule wa mbele husogea mbele, na yule wa nyuma huachwa. Tukitaka kufundisha vizuri kwa mashine, ni lazima tuanze na yule wa nyuma. Katika mwaka ule redio ndogo ilifika mbali kuliko intaneti, na mwalimu aliyemfuata mtoto nyumbani kwa daftari na kalamu hakuwa amepitwa na wakati.

MWALIMU NI MFANYAKAZI

Sasa tuje kwa jambo ambalo wakubwa hawalipendi. Sisi wafanyakazi twazijua mashine. Makuli wa Mombasa waliona makontena yakija na vikosi vya watu vikipungua. Wachumaji wa Kericho wameona mashine moja ya kuchumia majani chai ikichukua kazi ya watu wengi, na mwezi wa Mei 2023 hasira ilizidi hata mashine zikachomwa moto. Sisi hatuhubiri moto. Lakini twajua swali la kuuliza kila mashine inapokuja: imekuja kumpunguzia mfanyakazi uzito wa kazi, au imekuja kumpunguza mfanyakazi mwenyewe?

Katika elimu mfano uko karibu. Shule za Bridge zilianza Nairobi mwaka wa 2009. Humo mwalimu hupewa kishikwambi chenye somo lililoandikwa tayari, neno kwa neno, na wakati wake. Walimu wengi waliajiriwa kwa mshahara ulio chini sana kuliko wa mwalimu wa Serikali, na vyama vya walimu vilipinga. Wenye shule wana jibu, nasi twapaswa kulisikia: uchunguzi wa wataalamu uliotolewa mwaka wa 2022 ulionyesha kwamba watoto walioingia humo kwa kura walipata alama za juu kuliko wenzao walioikosa kura hiyo.

Hatuwezi kuzikana alama kwa sababu hatuwapendi wenye shule. Lakini twauliza. Ni kipande gani cha mpango huo kilichofanya kazi? Ni kile kishikwambi, au ni kwamba mwalimu alikuwapo kila siku, vitabu vilikuwapo, saa za masomo zilikuwa nyingi, na mtu alikuja kuona kama somo limefundishwa? Hayo manne yaweza kupatikana katika shule ya Serikali bila kumgeuza mwalimu kuwa sahani ya santuri. Maandishi ya kuongoza somo yaweza kumsaidia kijana aliyetoka chuoni jana. Ubaya ni pale ambapo mwalimu hana ruhusa ya kuyaweka kando. Nusu ya darasa haikufahamu, na saa yasema endelea. Afanye nini? Akiwatii watoto amevunja amri, na akiitii amri amewaacha watoto. Tena, mwalimu asiyeruhusiwa kufikiri ni rahisi kubadilishwa, na mtu aliye rahisi kubadilishwa ni rahisi kulipwa kidogo. Hapo ndipo neno la elimu na neno la mshahara huwa neno moja.

Haki hii si ndoto yetu. Mwaka wa 1966 Shirika la Kazi Duniani na UNESCO walipitisha pendekezo juu ya hali ya walimu. Linasema kwamba walimu ndio wajuao zaidi vyombo na njia zinazowafaa wanafunzi wao, kwa hiyo wapewe sehemu kubwa katika kuvichagua, na vyama vyao vishirikishwe vyombo vipya vinapotengenezwa. Walioandika hayo hawakukijua kishikwambi, lakini maneno yao yanakifaa kishikwambi kama yalivyoufaa ubao.

TUNAYOTAKA

Kwanza, mafunzo ya kweli, katika saa za kazi, na yasilipwe na mwalimu. Mwaka wa 2021 walimu walitangaziwa mafunzo ya lazima ya kila mwaka kwa shilingi 6,000 kutoka mfukoni mwao, nao wakapinga kwa haki. Dereva hatozwi fedha ili ajifunze lori jipya la tajiri. Na mafunzo yenyewe yasiwe ya kuonyeshwa kitufe cha kuwashia. Yawe ya walimu wawili au watatu kuketi pamoja, kulitazama somo moja, na kuulizana, "Watoto walifahamu? Mashine ilisaidia wapi, na ilituzuia wapi?"

Pili, chombo cha kazi kilipiwe na mwajiri. Mwalimu atumia simu yake, bando lake na stima yake kwa kazi ya mwajiri. Tangu mwaka wa 2016 walimu wana fomu za kupima kazi yao, ambazo sasa hujazwa kwa mtandao. Mwalimu wa mbali hupanda pikipiki kwenda saiba kwa nauli yake ili athibitishe kwamba anafanya kazi, na siku hiyo kazi yenyewe inalala. Mashine iliyoletwa kumsaidia imekuwa nyapara wake.

Tatu, fundi na vipuri. Kila zoni iwe na fundi anayelipwa, na kila shule iwe na fungu la matengenezo. Vijana waliohitimu katika vyuo vya ufundi wako mitaani bila kazi, na vishikwambi vibovu viko stoo. Serikali iwakutanishe.

Nne, walimu waulizwe kabla ya kununua. Atakayesimama na chombo mbele ya watoto 60 ajue zaidi ya yule aliyekiona katika hoteli kwenye mkutano wa wauzaji.

Tano, mwalimu mkuu asikatwe mshahara kwa chombo kilichoibiwa kwa kuvunjwa mlango, ikiwa alikitunza kama alivyoagizwa. Hofu hiyo ndiyo iliyovifungia vyombo stoo.

Sita, mashine isiwe kisingizio cha kutoajiri. Watoto 60 kwa mwalimu mmoja ni watoto 60, hata kila mmoja akiwa na kioo mkononi.

NA SISI TUFANYE YETU

Kudai bila kufanya ni nusu ya kazi. Kuna mwalimu anayekataa mashine kwa sababu anaiogopa, akasema ni mambo ya watoto wa kisasa. Ndugu, jifunze, hata kama atakayekufundisha ni kijana uliyemfundisha kusoma. Kuna mwingine anayewasha picha, akawaacha watoto watazame, naye akaenda kukaa katika chumba cha walimu. Huyo awaharibia wenzake wote, maana mwajiri akimwona atasema, "Kumbe mashine yatosha, mwalimu wa nini?" Chama hakiwezi kumtetea mtu aliyekubali kuwa si kitu.

Na wewe mzazi, ukienda shuleni usiulize, "Mna kompyuta ngapi?" Uliza, "Mtoto wangu alifanya nini kwa kompyuta wiki hii? Alijifunza nini ambacho hakukijua?" Mwambie mtoto akuonyeshe na akueleze. Wewe mwenyewe hata kama hujui kuigusa, utajua kwa macho yake kama amefahamu au amecheza. Ingia katika mkutano wa wazazi na uulize fedha za matengenezo ziko wapi na vyombo viko wapi. Kilichonunuliwa kwa kodi ni chako.

Siku mtoto wa mchuma chai atakapotazama hesabu yake, akajua kosa lake, akalisahihisha na kumweleza mwenzake, hatutauliza kama alijifunza kwa kioo au kwa vifuniko vya soda. Tutajua amefundishwa vizuri. Lakini siku hiyo haiji bila mwalimu aliyefunzwa, aliyelipwa, na aliyeachwa afikiri. Hilo ndilo la kupigania.

Nakala hizi ni chache. Ukimaliza kusoma, mpe mwenzako, na mambo haya yazungumzwe katika mkutano wa tawi.